Mafundisho ya hofu katika Ukristo wa kiinjili

Mafundisho ya hofu (pia: mahubiri ya vitisho) ni namna ya kuhubiri na kulea waumini inayotegemea hasa woga wa adhabu ya Mungu ili kumfanya msikilizaji atubu, atii au asiliache kundi lake. Vitu vinavyotumika sana kuleta woga huo ni moto wa jehanamu, siku ya hukumu, kuachwa wakati wa unyakuo, na nguvu za shetani.

Namna hiyo ya kufundisha imepatikana katika dini na madhehebu mengi. Makala hii inahusu Ukristo wa kiinjili wenye msimamo wa kihafidhina, yaani Waprotestanti wanaosisitiza kuokoka, mamlaka ya Biblia na kazi ya kuhubiri. Mkazo ni juu ya Marekani, ambako mbinu nyingi za aina hiyo zilibuniwa na ambako zimehojiwa sana.

Suala linalobishaniwa si tu kama jehanamu ipo au haipo. Wengi kati ya wanaohoji ni waumini, na baadhi yao wanakubali fundisho la adhabu ya milele. Wanachouliza ni kama woga unaweza kuzaa imani ya kweli, unamfanya nini mtoto anayekua ndani yake, na mhubiri ana haki ya kuutumia kwa kiasi gani.

Maneno yenyewe

Kiswahili kinatofautisha kuogopa na kumcha. Mtu humwogopa simba, lakini humcha Mungu. Katika kumcha mna heshima, unyenyekevu na utii. Anayeogopa hukimbia, lakini anayemcha Mungu humkaribia. Tafsiri za Biblia za Kiswahili zinatumia neno hilo katika Mithali 1:7, ambapo kumcha Bwana kunatajwa kuwa mwanzo wa maarifa. Kwa upande mwingine, Waraka wa kwanza wa Yohana (4:18) unafundisha kwamba upendo uliokamilika huiondoa hofu, kwa kuwa hofu hufungamana na adhabu. Mjadala wote unaweza kutazamwa kama jitihada ya kuelewa aya hizo mbili kwa pamoja.

Neno jehanamu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni Kiebrania Ge-Hinomu, yaani bonde la Hinomu karibu na Yerusalemu. Kadiri ya Biblia, huko watoto waliwahi kuteketezwa kama sadaka (2 Wafalme 23:10, Yeremia 7:31). Katika Agano Jipya la Kigiriki neno gehena linapatikana mara 12: mara 11 katika Injili, kinywani mwa Yesu, na mara 1 katika Waraka wa Yakobo (3:6). Halimo katika hotuba za mitume zilizoandikwa katika Matendo ya Mitume, wala katika nyaraka za Mtume Paulo.

Hesabu hiyo hutumiwa na pande zote mbili. Watetezi wa mahubiri ya jehanamu husema kwamba aliyeizungumzia zaidi ni Yesu mwenyewe. Wanaohoji hujibu kwamba mitume walipokwenda kuhubiri kwa watu wasiomjua Kristo hawakuanza na neno hilo, na kwamba mara nyingi Yesu alilitumia kuwaonya wanafunzi wake na viongozi wa dini, si kuwatisha watu wa nje.

Historia

Uamsho wa karne ya 18

Hubiri la vitisho lililo maarufu kuliko yote katika historia ya Marekani ni lile la mchungaji Jonathan Edwards (1703-1758) lililoitwa Sinners in the Hands of an Angry God, yaani wenye dhambi mikononi mwa Mungu mwenye hasira. Alilitoa huko Enfield tarehe 8 Julai 1741. Walioshuhudia waliandika kwamba watu walilia na kupiga kelele hata mhubiri akalazimika kusita.

Historia ya Edwards ina upande mwingine usiotajwa mara nyingi. Tarehe 1 Juni 1735, wakati wa uamsho wa awali katika mji wake wa Northampton, Joseph Hawley, mume wa shangazi yake Edwards, upande wa mama, alijiua baada ya kuteswa na mashaka kuhusu hali ya roho yake. Uamsho ule ulififia baadaye, na Edwards mwenyewe alilieleza jambo hilo kwa maandishi. Mwaka 1746, katika kitabu chake Religious Affections kuhusu hisia za kidini, alifundisha kwamba kushikwa na hofu kuu ya jehanamu hakuthibitishi kwamba mtu ameongoka. Hivyo mhubiri yule yule anayetolewa kama mfano wa vitisho alikuwa pia kati ya waliopima mipaka yake.

Benchi la wenye wasiwasi

Katika karne ya 19 mhubiri Charles Finney (1792-1875) alieneza desturi ya kuwaita mbele ya kusanyiko watu waliochomwa na mahubiri, wakae kwenye benchi maalumu na kuombewa hadi wafanye uamuzi. Desturi hiyo ni mojawapo ya vyanzo vya mwito wa kwenda mbele ya madhabahu unaojulikana katika makanisa mengi leo. Mwaka 1843 mwanateolojia John Williamson Nevin alitoa kijitabu cha kuipinga. Alidai kwamba msisimko wa dakika chache umechukua nafasi ya katekisimu, malezi na ukuaji wa polepole ndani ya Kanisa.

Unyakuo na siku za mwisho

Kuanzia miaka ya 1830 John Nelson Darby, mhubiri wa Uingereza na Eire, alifundisha kwamba Kristo atawanyakua waumini wake kabla ya kipindi cha dhiki kuu. Fundisho hilo lilienezwa Marekani hasa kwa njia ya Biblia yenye maelezo ya Cyrus Scofield, iliyotolewa mwaka 1909.

Fundisho la unyakuo lilibadili sura ya hofu. Mtu hakuogopa tena kufa tu, bali pia kuamka asubuhi na kukuta jamaa zake wametoweka. Mwaka 1970 Hal Lindsey na Carole C. Carlson walitoa The Late Great Planet Earth, kitabu kilichounganisha unabii wa Biblia na habari za siasa za wakati ule. Mwaka 1972 ilitoka filamu A Thief in the Night, iliyotengenezwa katika jimbo la Iowa. Filamu hiyo, inayohusu mwanamke kijana aliyeachwa, ilionyeshwa sana makanisani na katika kambi za vijana. Kuanzia mwaka 1995 Tim LaHaye na Jerry Jenkins walitoa mfululizo wa riwaya za Left Behind, ambao uliuza nakala zaidi ya milioni 60.

Wakristo wengi waliokulia katika mazingira hayo wamesimulia kwamba walipokuwa watoto waliporudi nyumbani na kukuta hakuna mtu walidhani unyakuo umepita. Simulizi hilo linajirudia kiasi kwamba limekuwa mfano wa kawaida katika mijadala kuhusu malezi ya hofu.

Vijitabu na maonyesho

Jack Chick (1924-2016) wa California alichora vijitabu vidogo vya katuni vya kugawa barabarani. Kinachojulikana zaidi, cha mwaka 1964, kinaonyesha mtu akifa ghafla, akioneshwa maisha yake yote na hatimaye kutupwa motoni, kisha namna maisha hayo yangekuwa kama angeokoka. Vijitabu vyake vimetafsiriwa katika lugha nyingi duniani.

Mwaka 1972 kanisa la mhubiri Jerry Falwell huko Lynchburg, Virginia, lilianzisha maonyesho ya kutisha yaliyofanyika katika msimu wa Halloween. Baadaye makanisa mengine yaliandaa "nyumba za jehanamu", ambamo vijana hupitishwa chumba baada ya chumba kutazama maigizo ya ajali, utoaji mimba, kujiua na mateso ya milele. Chumba cha mwisho huwa cha sala, na humo hutakiwa kuamua. Filamu ya hali halisi Hell House ya George Ratliff (2001) ilionyesha maandalizi ya maonyesho ya aina hiyo katika kanisa moja la Texas.

Hofu kuhusu mwili

Si vitisho vyote vinavyohusu maisha baada ya kifo. Mwaka 1993 Wabaptisti wa Kusini walianzisha kampeni ya True Love Waits, iliyowaalika vijana kutia saini ahadi ya kutofanya ngono kabla ya ndoa. Lengo la usafi wa moyo halikupingwa na wengi. Kilichokuja kulalamikiwa ni namna ya kulifundisha: wasichana waliambiwa kwamba anayekosea huwa kama ua lililonyauka au chakula kilichotafunwa na mwingine. Joshua Harris, aliyeandika I Kissed Dating Goodbye mwaka 1997 akiwa kijana, alitangaza mwaka 2018 kwamba hakubaliani tena na kitabu hicho na kwamba kitaacha kuchapishwa.

Namna hofu inavyofanya kazi

Wanasaikolojia wamechunguza kwa muda mrefu matumizi ya hofu katika kushawishi watu, hasa katika elimu ya afya. Mwaka 1953 Irving Janis na Seymour Feshbach walitoa matokeo ya jaribio kuhusu usafi wa meno lililofanywa kwa wanafunzi wa shule ya sekondari. Kundi lililotishwa sana ndilo lililopata wasiwasi zaidi, lakini ndilo lililobadili mwenendo kidogo kuliko kundi lililotishwa kidogo.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba jambo hilo si rahisi hivyo, kwani mara nyingi hofu hufanikiwa kubadili mwenendo. Kadiri ya nadharia iliyotolewa na Kim Witte mwaka 1992, la muhimu ni msikilizaji kuona kwamba ipo hatua anayoiweza na kwamba hatua hiyo itamwokoa kweli. Akiona hivyo, hukabili hatari yenyewe. Asipoona hivyo, huanza kupambana na hofu yake badala ya hatari: hukana, hukwepa, hufanya mzaha au hukata tamaa.

Ufafanuzi huo unasaidia kuelewa kinachosimuliwa na waliolelewa kwa vitisho. Mtoto anayeambiwa asali sala moja ili aokoke amepewa njia ya kutoka. Lakini akiambiwa pia kwamba sala hiyo haifai kitu kama hakuisali kwa moyo wote, hana namna ya kujipima. Ndiyo sababu wengine husimulia kwamba waliisali kila usiku kwa miaka, na kila mara hofu ikarudi.

Hoja za wanaohoji

Hoja zinazotolewa zaidi ni hizi:

1. Hoja ya Biblia. Ujumbe ambao Agano Jipya linauita Injili ni habari njema. Onyo lina nafasi yake, lakini likiwa mwanzo, katikati na mwisho wa mahubiri, habari njema hupungua na kuwa njia ya kukwepa adhabu.

2. Hoja ya hiari. Uamuzi unaofanywa mtu akitetemeka, usiku, baada ya filamu ya kutisha na mbele ya wenzake, haufanani na imani iliyokubaliwa kwa uhuru. Wazazi na walimu huona mara nyingi kwamba utii wa aina hiyo hudumu kadiri hofu inavyodumu.

3. Hoja ya sura ya Mungu. Anayefundishwa kwanza kuogopa hupata shida baadaye kuamini kwamba yule yule anayetishia ndiye anayependa.

4. Hoja ya maswali. Pale mashaka yanapofundishwa kuwa dalili ya shetani, mwanafunzi hujifunza kunyamaza, si kuamini. Maswali hayafi, hungoja hadi atakapoondoka nyumbani.

5. Hoja ya mamlaka. Anayeshika ufunguo wa hofu anaweza kuutumia kwa faida yake. Muumini anayeamini kwamba kumpinga mchungaji ni kumpinga Mungu hawezi kutoa taarifa akionewa au akinyang'anywa mali.

Majibu ya watetezi

Wahafidhina hawakubali kwamba kuhubiri hukumu ni ukatili. Wanasema kwamba kama hatari ni ya kweli, kunyamaza ndiyo ukatili: daktari hamfichi mgonjwa ugonjwa wake, na anayeona nyumba inaungua hapigi hodi kwa upole. Wanaongeza kwamba Yesu, manabii na mitume walionya waziwazi, na kwamba Kanisa likichagua maneno ya kupendeza tu litaishia kumhubiri mungu wa kujitungia. Wengi wao wanakubali hata hivyo kwamba onyo linapaswa kutolewa kwa machozi, si kwa furaha, na kwamba maonyesho ya damu na mayowe hayafai.

Mwaka 2011 mchungaji Rob Bell wa Michigan alipotoa kitabu Love Wins, kilichohoji kama walio wengi watateswa milele, kilizua ubishi mkubwa miongoni mwa Wakristo wa kiinjili. Mwaka uo huo Francis Chan na Preston Sprinkle walitoa Erasing Hell kutetea fundisho la jehanamu, lakini wakisisitiza kwamba halipaswi kujadiliwa bila uchungu moyoni.

Misimamo mitatu kuhusu jehanamu

Kuhoji vitisho kumefungua pia mjadala wa teolojia. Misimamo mitatu hutajwa:

- Mateso ya milele yasiyo na mwisho. Ndio msimamo wa wengi katika historia ya Kanisa na wa makanisa mengi ya kiinjili hadi leo.

- Kuangamizwa. Wasiookolewa hatimaye hukoma kuwepo. Edward Fudge aliutetea mwaka 1982 katika The Fire That Consumes. Mwaka 1988 John Stott, Mwanglikana wa Uingereza aliyeheshimiwa sana na Wakristo wa kiinjili duniani, alieleza kwa tahadhari kwamba ameuelekea. Waadventista Wasabato wanafundisha msimamo unaofanana na huo.

- Wokovu wa wote. Hatimaye Mungu atawapatanisha watu wote naye. Askofu Carlton Pearson (1953-2023) wa Tulsa, Oklahoma, aliyekuwa mhubiri mashuhuri wa Kipentekoste, alipoanza kuufundisha alipoteza sehemu kubwa ya waumini wake, na mwaka 2004 baraza la maaskofu Wapentekoste Waamerika Weusi lilimtangaza mzushi.

Msimamo wa kwanza haulazimishi mtu kutisha, wala wa tatu haumzuii. Mhubiri anayeamini moto wa milele anaweza kufundisha kwa upole, na asiyeuamini anaweza kuwatawala watu kwa laana, pepo au aibu.

Athari kwa waliolelewa kwa hofu

Mwanasaikolojia Marlene Winell, aliyelelewa katika familia ya wamisionari, aliandika mwaka 1993 kitabu Leaving the Fold kwa ajili ya watu wanaoacha dini ya kihafidhina. Mwaka 2011 alitoa jina la Kiingereza linaloweza kutafsiriwa "dalili za kiwewe cha kidini". Kati ya dalili alizozitaja ni wasiwasi, jinamizi, kushindwa kufanya maamuzi, kujiona mwenye hatia daima, na upweke wa kupoteza ndugu na marafiki kwa mkupuo mmoja.

Jina hilo halimo katika orodha rasmi ya magonjwa ya akili inayotumiwa Marekani, na wataalamu wengine wanaona kwamba dalili hizo zinaweza kuelezwa kwa majina yaliyopo tayari. Pia si kila aliyesikia mahubiri ya moto alidhurika: wapo wanaosema kwamba onyo kali liliwatoa katika ulevi au ukatili, nao wanalishukuru.

Afrika Mashariki

Ukristo wa kiinjili wa Marekani uliingia Afrika Mashariki mapema. Africa Inland Mission ilianza kazi Ukambani mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott, na mahubiri yake yalikazia sana kurudi kwa Kristo upesi, mbingu na moto.

Aliyechunguza matokeo yake kwa kina ni John Mbiti (1931-2019), mzaliwa wa Kitui na padri Mwanglikana, katika kitabu New Testament Eschatology in an African Background (1971). Mbiti, ambaye alitumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kuelezea mtazamo wa Waafrika kuhusu wakati, alidai kwamba kwa jadi ya Wakamba wakati ujao wa mbali karibu haukuwepo katika fikra. Hivyo waliohubiriwa kwamba mwisho u karibu walielewa kwamba utakuja wakati wowote, na mifano ya Biblia kama moto na mji wa dhahabu waliipokea kama vitu vya kushikika. Kwa maoni yake, wamisionari walileta mwisho wa dunia bila kumweka Kristo mwenyewe katikati yake. Wanafalsafa wengine, kama Kwame Gyekye wa Ghana, walipinga maelezo yake kuhusu wakati. Hata hivyo Mbiti alikuwa kati ya Waafrika wa kwanza kuchunguza kitaalamu kile ambacho msikilizaji alikisikia, si tu kile mhubiri alichokisema.

Suala hilo lilipata uzito mwingine mwezi Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Miili zaidi ya 400 ilipatikana. Mhubiri wa kundi lililoishi huko alishtakiwa kwa madai kwamba aliwahimiza wafuasi wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia, alikana mashtaka. Tukio hilo haliwezi kuhesabiwa kuwa mfano wa makanisa ya kiinjili kwa jumla, lakini lilizua nchini Kenya mjadala mpana kuhusu uhuru wa dini na ulinzi wa waumini, hasa watoto ambao hawakuwa na nafasi ya kuchagua.

Kutofautisha onyo na kitisho

Katika maandishi ya wanaohoji na ya watetezi yanaweza kupatikana maswali yanayosaidia kupambanua:

- Je, msikilizaji anapewa muda wa kufikiri, au anatakiwa kuamua papo hapo kabla hajatoka?

- Je, anaruhusiwa kuuliza bila kuhesabiwa mwasi?

- Je, umri wake umezingatiwa? Mtoto wa miaka 6 hawezi kupima mfano na uhalisia kama mtu mzima.

- Je, kuna njia ya kutoka katika hofu, au hofu inafanywa upya kila wiki?

- Je, anayeonya anafaidika na hofu anayoileta, kwa fedha, kwa sifa au kwa mamlaka?

Majibu yanaweza kutofautiana hata ndani ya kanisa moja, kati ya ibada ya watu wazima na darasa la watoto. Kwa sababu hiyo baadhi ya walimu wa shule za Jumapili, hata katika makanisa yanayoshika fundisho la jehanamu, huanza na upendo wa Mungu na kuacha habari za hukumu hadi mtoto aweze kuzielewa.

Tazama pia

Jehanamu
Eskatolojia
Unyakuo
Ulokole
Jonathan Edwards
John Mbiti